Nyumba Moja, Kompyuta Tatu, na Sauti ya Bibi



Nyumba tunayokaa iko Hyde Park. Ile ya Leeds, si ile ya London. Tuko wanne. Mwenzetu wa Mombasa anasoma uhandisi na ana kompyuta ya Windows, kwa sababu programu anazochorea michoro yake hazifanyi kazi kwingine. Mwenzetu Mwingereza, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kusema "naam" kila baada ya sentensi, ana Mac. Mwenzetu wa Muscat, ambaye kwao Kiswahili cha Unguja ndicho kinachosemwa jikoni, ana iPhone tu na hataki kusikia habari ya kompyuta. Mimi nina laptop kuukuu niliyoinunua mkononi mwa mtu. Windows iliielemea, nikaiwekea Linux, na tangu hapo inakwenda.

Jumamosi moja ya Novemba mwaka jana tulikuwa tunajitayarisha kwa usiku wa hadithi wa chama. Mwenzetu wa Mombasa alihitaji rekodi moja iliyokuwa kwenye diski yangu ya nje. Mimi nilikuwa kazini. Akaichukua mezani, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Windows ikamwambia kwamba diski hiyo lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Akaona ni mambo ya kawaida ya kompyuta, akabonyeza kukubali. Ilikuwa kazi ya sekunde chache.

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na jioni tatu za sauti ya bibi yangu. Nilimrekodi Pangani wakati wa likizo, amekaa barazani anachambua mchele, ananieleza majina ya pepo na ya samaki, na bahari ilivyokuwa alipokuwa msichana. Rekodi zilitoka kwenye simu zikaingia kwenye diski, kisha nikazifuta kwenye simu nipate nafasi. Nakala ya pili sikuwa nayo. Hilo ni kosa langu, na nalisema mwanzo ili nisionekane nalaumu watu.

Diski ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeifomati kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, na Windows haiusomi. Kisichosomeka kwake hukichukulia kama kitu kitupu kinachongoja kutayarishwa. Nilitumia programu ya kufufua mafaili, nikapata jioni mbili, majina ya mafaili yote yamepotea. Jioni ya kwanza, ile ya pepo, haikurudi.

Nilimpigia bibi simu kumwomba anisimulie tena. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Si nilikupa weye? Umeipeleka wapi?"

Baadaye alinihurumia akasimulia. Lakini haikuwa ile. Kaskazi na kusi alizitaja, matlai akaipita, na pale alipocheka mara ya kwanza hakucheka.

Hoja yangu ni hii. Nyumba yenye watu wa mifumo endeshi tofauti inahitaji mapatano kuhusu mafaili, kama inavyohitaji mapatano kuhusu friji na bili ya gesi. Na chama chetu, ambacho ni nyumba kubwa zaidi ya namna hiyo hiyo, kinayahitaji vilevile. Kompyuta zenyewe zimekwisha kupata lugha moja ya kupeana mafaili. Ni sisi tunaozitumia ambao hatujakaa chini tukakubaliana.

Nilipowaeleza watu yaliyonipata, nilipewa majibu matatu. La kwanza: nunueni wote kompyuta za aina moja. Mwenye kusema hivyo kwa kawaida ana maana tununue ya aina yake. Mhandisi hawezi kuacha programu zake, na mimi siwezi kulipa bei ya Mac kwa ajili ya kupeana faili na mtu wa chumba cha pili. Tena sisi wa chama hiki tunapaswa kuwa wa mwisho kudhani kwamba watu hawawezi kuelewana mpaka wafanane.

La pili: wekeni kila kitu kwenye wingu. Kwa insha na picha chache ni jibu zuri, nami hulitumia. Lakini nafasi ya bure ni ndogo: Google hutoa GB 15 na Apple GB 5, na video za sherehe moja huzimaliza. Akaunti ya chuo ni kubwa zaidi, ila tukihitimu haibaki nasi. Isitoshe, kuna kichekesho katika kupeleka video ya saa nzima mpaka kwenye ghala la kompyuta la mbali, halafu kuishusha tena ili ifike chumba cha pili.

La tatu: tumianeni WhatsApp. WhatsApp huibana picha na video zipungue uzito, na ukishabana hurudishi. Unaweza kutuma kitu kama hati kisiguswe, lakini wiki mbili baadaye kimezikwa chini ya salamu za Ijumaa na pongezi za kuzaliwa. Pale ni mahali pa kuitana, si mahali pa kuhifadhi.

Kuta hizi baina ya kompyuta hazikuumbwa na Mungu. Zina historia, na sisi wanafunzi wa lugha inatuhusu kuliko tunavyodhani. Itifaki ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana mafaili kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisini huitwa SMB. Ilianzia IBM katika miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza. Mwishoni mwa 1991 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, aitwaye Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ya mezani ielewane na mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki hiyo. Akakaa kusikiliza yanayopita kwenye waya: mashine hii ikisema hivi, ile hujibu vile.

Baadaye alieleza njia yake kwa mfano wa mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani. Husomi kitabu. Unasikiliza mteja anaagiza nini, unaangalia mhudumu analeta nini, na kidogo kidogo unajua neno lipi ni la mkate na lipi ni la kahawa. Baadaye unajaribu kuagiza mwenyewe, na ukiletewa kisicho chako unajua umekosea. Kati yetu wapo waliojifunza Kiswahili hivyo hivyo, kwenye daladala na kwa mama ntilie, kabla ya kusikia habari ya ngeli.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Samba, programu ya bure inayoiwezesha Linux na jamaa zake kuzungumza na Windows. Jina la kwanza lilikuwa na mwenyewe, ikabidi Tridgell atafute jingine. Aliiambia kompyuta imletee kutoka kwenye orodha yake maneno yanayoanza na s na yenye m na b zikifuatana kwa mpangilio huo, akachagua "samba". Waswahili tusijipe sifa: halikutoka kwenye "sambaza", ingawa lingefaa.

Haikuishia hapo. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na, pamoja na mengine, ikaiamuru itoe maelezo ya kuwezesha seva za watengenezaji wengine kuelewana na Windows. Kampuni ilikata rufaa, ikashindwa Septemba 2007, na Desemba ya mwaka huo watu wa Samba wakazipata hati hizo kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Kisha mwaka 2013 Apple, katika toleo lake la OS X Mavericks, ikaitanguliza SMB mahali pa itifaki yake ya zamani. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 10 sasa Windows, Mac na Linux zina lugha moja ya kupeana mafaili, na imo ndani yake au inapatikana bure. Wengi wetu tunaishi kana kwamba haipo.

Nyumbani tuliianza baada ya msiba wa diski. Tulichukua laptop moja iliyovunjika kioo, tukaiwekea Linux na Samba, tukaifunga mfuniko na kuiweka chini ya ngazi karibu na ruta. Tuliichomekea diski mpya, iliyotugharimu chini ya pauni 50 kwa kuchangiana. Tukafungua humo folda inayoonekana na wote, tukaiita Baraza, kwa sababu kila mtu hupita na kukaa.

Kwenye Windows unaifungua kwa kuandika \\ na namba ya mashine kwenye mtandao wa nyumbani, kisha jina la folda. Kwenye Mac unakwenda Finder, unachagua kuunganisha na seva, unaandika smb:// na namba ile ile. Kwenye iPhone unatumia programu ya Files, ambayo inaweza jambo hilo tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Mwenzetu wa Muscat ndiye anayeitumia kuliko sisi sote.

Ilituchukua jioni mbili, na sitawadanganya kwamba hatukukwama. Tulikwama mahali pale pale wanapokwama watu wengi, basi nawapa mkato. Windows ikidhani mtandao wa nyumbani ni wa hadharani, hujifunga. Iambie ni wa faragha. Mtu anayefungua folda iliyoko kwenye Windows ya mwenzake hatumii ile PIN fupi ya kuwashia kompyuta, inatakiwa nywila ya akaunti yenyewe. Samba nayo ina nywila yake, mbali na ile unayoingilia Linux, na lazima uiweke kwa mkono. Mac ikiwa ndiyo inayotoa folda, kuna kisanduku cha kuruhusu Windows ambacho lazima ukitie alama kwa kila mtumiaji. Na ruta hubadilisha namba za mashine ikipenda, basi iambie mashine ya chini ya ngazi iwe na namba moja siku zote.

Lakini mashine ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni adabu. Tuligawa Baraza mara mbili. Folda ya Meza kila mtu huweka, hurekebisha na hufuta. Folda ya Ghala kila mtu husoma, ila mtunzaji peke yake ndiye anayeweza kuweka au kuondoa. Kama jambo hili lingekuwapo Novemba, mwenzangu wa Mombasa angeichukua rekodi yake bila kugusa diski yangu, na kubonyeza vibaya kusingedhuru kitu. Mtunzaji hubadilika kila muhula.

Halafu kuna majina ya mafaili, na hapa Kiswahili chenyewe kina mitego. Mimi niliwahi kuandika: Mahojiano: ng'ombe ni wa nani? Linux ililikubali. Windows haikubali nukta pacha wala alama ya kuuliza katika jina la faili, basi ikawa halifunguki kwao kwa jina lake. Ile ritifaa ya ng'ombe nayo ni mtihani. Programu za kuandikia mara nyingi huigeuza ikawa ya kupinda, na kwa kompyuta iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti. Ukitafuta kwa moja, aliyeandika kwa nyingine huenda usimpate. Na kwa Linux "Mashairi" na "mashairi" ni vitu viwili, lakini kwa Windows na Mac, kama zilivyotoka dukani, ni kimoja. Kanuni yetu ni fupi: tarehe kwanza, herufi ndogo, kistari badala ya nafasi, na hakuna alama nyingine. Kiswahili sanifu kikae ndani ya faili.

Najua mtakayoniuliza, hasa walimu. Je, ni salama? Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizisimamisha kompyuta nyingi za hospitali za hapa Uingereza, nacho kilipitia tundu la SMB ya zamani, toleo la 1. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka miezi miwili kabla, na toleo hilo la 1 haliwashwi tena katika Windows mpya. Mkikuta ushauri wa zamani unaosema liwasheni, msiwashe. Kila mtu awe na nywila yake, na msiifungulie folda mlango wa intaneti kwenye ruta. Ya nyumbani ibaki nyumbani.

Swali la pili: wanaokaa bweni wafanyeje? Mitandao ya vyuo mara nyingi huzuia kifaa cha huyu kisikione cha yule, na si jambo la kulalamikia. Kwao kuna flashi au diski ya nje, mradi ifomatiwe exFAT. FAT32 ya zamani haipokei faili moja linalofika GB 4. NTFS ya Windows, Mac huisoma tu bila kuiandikia. Mpangilio wa Apple na wa Linux, Windows haiusomi. Lakini exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006 na maelezo yake kuchapishwa mwaka 2019, husomwa na kuandikwa na zote tatu zikiwa za sasa. Ina udhaifu mmoja: ukiichomoa ghafla inaweza kuharibika, basi iondoe kwa utaratibu. Na kompyuta yoyote ikikuuliza kama uifomati diski ambayo si yako, jibu ni hapana. Ichomoe, ukamwulize mwenyewe.

Swali la tatu sikuulizwa, najiuliza mwenyewe: je, Baraza ni nakala ya kutosha? Hapana. Kwa kawaida faili ukilifuta kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye pipa la taka la kompyuta yako, linatoweka moja kwa moja. Nyumba ikiibiwa, laptop ya chini ya ngazi huenda nayo. Kwa hiyo tuna diski ya pili ya exFAT inayokaa kwa shangazi yake mwenzetu, Bradford. Tunaisasisha kila mwisho wa mwezi, na pilau tunaipata huko huko.

Sasa nageukia chama. Tuna mkusanyiko wa kumbukumbu ambao hakuna anayejua wote uko wapi. Video za usiku wa mashairi ziko kwenye simu za watu. Matoleo ya nyuma ya gazeti hili yako kwenye kompyuta ya mhariri aliyehitimu. Tafsiri tulizofanya darasani ziko kwenye akaunti za chuo zitakazofungwa mmoja mmoja tunavyoondoka. Wanafunzi wa miaka ijayo wakituuliza, tutawajibu nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama kiwe na Ghala lake: diski mbili za exFAT, moja kwa katibu na moja kwa mwalimu mlezi, na kanuni ya majina kama nilivyoieleza. Maandishi yakae katika PDF pamoja na faili la asili, sauti na video katika miundo inayofunguka popote. Wenye iPhone wachague mpangilio wa kamera unaotoa JPEG, maana ule wa kawaida tangu 2017 hausomeki kila mahali.

Pili, Jumamosi moja kila muhula tukutane na laptop zetu, za kila aina, tusaidiane kufungua folda za nyumbani. Hakuna haja ya mtaalamu. Mwenzangu Mwingereza alishika kiasi cha kuwafundisha wengine baada ya jioni mbili, na istilahi alizijifunza kwa Kiswahili.

Tatu, nawaomba walimu wetu kwa heshima. Mkitupa kazi, mkubali PDF au ODT, msidai Word peke yake. Aliyeandika kwa LibreOffice akifunguliwa kwa Word huweza kuonekana amezidisha ukurasa au amevuruga jedwali, ilhali kilichobadilika ni fonti tu.

Mwezi uliopita bibi alinisimulia tena, safari hii kwa simu, habari ya ngalawa za baba yake. Rekodi iko Leeds, iko Bradford, na nakala iko Tanga kwa mjomba kwenye flashi. Akiniuliza nimeipeleka wapi, nitamwambia.

Naomba kutoa hoja.